Namna Ulificha Meno ya Baba

Mama yangu,

Pokea salamu kule uliko. Mutoto ule uliniacha naye mu tumbo alizaliwa, ni binti, tulimupa jina yako.

Leo nakuandikia juu ya Baba. Tangu tulikuzika, tulimutoa ku kijiji, Kasomeno, sasa iko anaishi kwetu hapa mu mji, Makomeno. Chakula napeleka ku chumba yake, kwa sababu yeye na mukwe yake, bwana yangu, hawawezi kukula pamoja, unajua heshima ya bukwe. Saa narudi, nyama imeisha. Lakini muntu anakonda tu! Nikaanza kumuzania mubaya. Nikawaza nyama anamupelekea mujane wa nyuma ya lupango, uwanja ya nyumba yetu. Nikawaza tena mubaya zaidi: labda anaona mimi namutilia kintu mu chakula, sumu. Nikaanza kuonja mbele yake. Akacheka, mukono ku kinywa: "We mutoto, unanichunga sawa polisi?"

Siku ya yenga, siku ya Mungu, nikasimama inje ya dirisha. Mama, nyama yote alirushia imbwa ya jirani! Kiisha akachovya bukari, ugali wetu, mu supu, akameza bila kutafuna.

Nikaingia. "Baba, fungua kinywa." Akakatala. "Mama yako peke yake njo alionaka." Nikangoja mupaka akafungua. Meno tatu zinatikisika, fizi imevimba, iko na usaha.

Njo nikakumbuka kile kinu yako kidogo, kila midi, saa sita ya muchana, na vile ulikuwa unatuambia: "Baba yenu anapendaka nyama ya kutwanga." Miaka yote tuliamini! Juu ya nini hukuniambia hata mimi? Nilikukasirikia, Mama, sitakuficha. Kiisha nikalia. Ulikuwa unamuchungia heshima yake.

Nilimupeleka kwa dantiste, munganga wa meno, anasema meno zile zitoke, kiisha atamutengenezea dentier, meno ya kubandika. Sasa Baba anasema imepona. Simuamini hata kidogo, nilimukuta nyuma ya mulango anasukutua maji ya chumvi. Anasema mukwe atamucheka. Bwana yangu alisikia, akasemea kule ku salon, sebule yetu: "Papa, hata baba yangu iko na dentier. Anakulaka mahindi ya kuchoma!"

Baba akauliza polepole: "Ya kuchoma?"

Pumuzika, Mama. Sitaacha fizi imumalize. Siku ya tatu ya juma namupeleka kutoa meno, nitaingia naye, nitamushika mukono. Na nitakaa upande wa mulango, kwa sababu ule muzee wako, vile namujua, anaweza kunitoroka.

Binti yako