Disiki Bila Sauti ya Esteria

Jumapili, 12 Aprili 1964
Misa, kisha mazoezi nyumbani. Vidole vigumu. Miaka yote nimepiga jazi kwenye baa ya Kalundu, watu wacheze. Nyimbo za kanisa zinanivua nguo. Esteria anaimba, saksofoni yangu inamfuata. Mwenye studio ya Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, ametupa siku moja mwezi ujao. Disiki yetu, santuri ya mume na mke. Mimi naogopa. Yeye hapana.

Alhamisi, 23 Aprili
Mama yake anaumwa, kijijini Runingu. Esteria amepanda kamyo ya mihogo asubuhi. "Minye nitarudi mbele ya siku ya studio. Weye fanya mazoezi, usiende baa."
Nyumba imekuwa kubwa.

Jumatano, 6 Mei
Bunduki upande wa Runingu. Waasi wameshika barabara, hakuna kamyo inayopita. Nilitembea mpaka kizuizini, saksofoni mgongoni. Askari akanisukuma: "Rudia, muntu wa muziki. Kule iko vita."
Nikarudi. Najichukia.

Jumatatu, 11 Mei
Majirani wote wanavuka mpaka kwenda Burundi. Siku ya studio ni kesho. Nikivuka, namwacha. Nikibaki, nitamsaidia nini?
Nimevuka.

Jumanne, 12 Mei
Nimerekodi peke yangu. Mwenye studio alitaka kuniletea mwimbaji mwingine. Nimekataa. Beti za Esteria nimezipiga kwa saksofoni, macho nimefunga.

Jumapili, 21 Juni
Redio ya hapa imepiga disiki tena. Kwenye kambi ya wakimbizi watu wananipa mkono, wanasema nimebarikiwa. Sijui kama mke wangu yu hai.

Jumamosi, 18 Julai
Mfuga ng'ombe kutoka Rurambo ameniulizia hema kwa hema. Esteria ni mzima! Alikimbilia kule juu milimani na mama yake. Mama amefia huko, wamemzika. Njia ya kushuka bado ina hatari.
Walinisikia kwenye redio ya huyo mfugaji.
"Alilia?" nikamuuliza.
"Hapana. Alisema: bwana yangu iko anakimbiza ile beti ya pili. Umwambie apige polepole. Minye niko nakuja."
Nikacheka mpaka nikalia mimi.

Jumapili, 19 Julai
Vumbi, upepo kidogo. Nimekaa mbele ya hema. Nimepiga beti ya pili, polepole. Mahali Esteria anapovuta pumzi nilisimamisha saksofoni, nikamngoja.
Kisha nikaendelea.