Twisheni ya Mtihani wa Akili

Tanta, Misri
9 Machi 2019

Mpendwa Shangazi Inshirah,

Nakusalimu kwa moyo wangu wote. Magoti yanasemaje na baridi ya huko Montreali? Dawa mpya zimesaidia? Usitufiche. Sisi hatujambo, ila nimechoka, Shangazi. Siku hizi namimina chai halafu naisahau mezani.

Hazim wangu amerudi kwenye zamu za usiku kiwandani, tunaonana mlangoni tu. Njiwa wake wa darini nawalisha mimi.

Sasa la Rodaina. Binti yangu hatulii. Akianza hesabu, kelele za muuza gesi barabarani zinatosha kumpoteza. Shule ikataka ripoti. Kama ana tatizo la umakini, watamkalisha mbele na kumwongezea muda. Kama hana, mwisho wa muhula tumtafutie shule nyingine. Daktari Lamis, mtaalamu wa watoto, akampangia mtihani wa akili. Aliniambia mapema kwamba mtihani huo peke yake hauthibitishi tatizo la umakini, ila unaonyesha mtoto anakwama wapi.

Mama mkwe wangu, Hajja Tafida, alisikia neno mtihani tu. Unamjua. Bila kuniambia, akamtafutia mjukuu wake twisheni! Mtaani kuna Mwalimu Wafaa, aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha vipimo. Ana vile vibao vya rangi vinavyotumika kwenye mtihani wenyewe, na nakala za maswali. Mimi niko kazini, mwanangu anafundishwa kuwa na akili.

Matokeo yakatoka juu ajabu. Mkuu wa shule akaangalia alama, basi.

"Mama Rodaina, mtoto mwenye akili hivi hana tatizo. Huu ni utundu, na utundu hatuuongezei muda."

Nikarudi na Rodaina kwa daktari, nikiwa karibu kulia. Rodaina mwenyewe ndiye aliyetoboa siri, tena kwa fahari: "Vibao nilivijua vyote! Nikipatia, Bibi ananipa keki ya basbusa." Daktari Lamis akaweka kalamu chini. Akasema mtihani ule umeharibika na mwaka huu haurudiwi. Anataka kumwangalia darasani na kuwahoji walimu, lakini shule haijakubali kusubiri.

Nyumbani nikamuuliza Hajja amefanya nini.

"Nimefanya nini? Nani Misri hii ameingia mtihani bila twisheni? Huyo mumeo angefika wapi? Mjukuu wangu aonekane mjinga na mimi niko hai? Thubutu!"

Alifanya kwa mapenzi, Shangazi, na hilo ndilo linanichosha kuliko yote. Ningekuwa na mtu wa kumchukia ningepumzika kidogo.

Wasalimie Mjomba Shawqi na Nirvana; Nirvana umwambie picha zake tumeziona na amependeza. Hazim anakusalimu, na Hajja pia, anasema umtumie yale mafuta ya mgongo. Mungu akupe afya na akurudishe kwetu salama.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini jana nilikuwa namsuka Rodaina, akaniuliza bila kugeuka: "Mama, nikifeli vizuri safari hii, wataniacha nibaki na rafiki zangu?" Nikaendelea kusuka, Shangazi. Mpaka sasa sijui nimwambie nini.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata nikichoka,
Ibtihal