Koti Ndani ya Mashine ya Mama Lea

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Moshono tu wazima, bibi yako anakusalimu na bado ananisema. Unauliza kama uitupe hiyo mashine kuukuu ya kufulia kwa sababu inaruka ikikamua.

Subiri! Ujanani nilimbadilishia jirani yetu Mama Lea mkanda wa mashine, akatia kanzu za kipaimara cha kesho yake. Mimi nikapenyeza koti langu zito, lifuliwe bure. Ilipoanza kukamua, mashine ikaruka, ikatembea mpaka mlangoni! Nikafungua mota mara mbili, kanzu bado mbichi. Mama Lea akafunua mfuniko, akavuta koti lililolalia upande mmoja.

"Fundi, kumbe na wewe unapata kipaimara?"

Mashine ikatulia. Kwa hiyo Neema, kabla ya kushika spana, angalia kwanza ulichoweka mwenyewe.

Babu yako, koti bado chafu.