Protini Ile Si ya Maziwa

Eastleigh, Nairobi

Kwako dada yangu Halima, Bura,

Assalamu alaykum warahmatullahi. Natumaini nyote hapo nyumbani hamjambo, na ngamia wamepata majani. Mimi nipo, alhamdulillahi, ingawa mgongo bado unauma. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa simu yangu inashikwa na mwanao Yusuf, na siku hizi simwamini. Barua hii nampa dereva wa basi la Garissa mkononi.

Dada, tangu nije kutibiwa hii saratani ya damu, kila kliniki natolewa damu. Daktari anasema na Yusuf Kiingereza kirefu, kisha Yusuf ananigeukia mimi mjomba wake: "Abti, anasema uko sawa, inshallah." Maneno yote yale ndiyo hayo tu? Nimenunua mbuzi miaka mingi, na mtu anayeficha kasoro ya mnyama namjua macho yake.

Neno moja nililidaka: protini. Nikaelewa imepanda. Protini naijua tangu tukiwa shule, ni nyama na maziwa. Basi nikaacha vyote kimyakimya. Kidumu cha maziwa ya ngamia unachonitumia nikawa nampa jirani, mimi nakula anjera na chai ya rangi. Nikakonda hadi suruali ikawa inanidondoka, na huku nadhani najitibu!

Juzi daktari alishtuka kuona uzito wangu. Nikamwambia, "Daktari, wewe ongea na mimi. Kiswahili mimi najua." Aliposikia habari ya maziwa alicheka, kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba protini wanazopima si za chakula, zimo kwenye damu yenyewe. Moja ikipanda ni vibaya, nyingine ikishuka ni vibaya pia. Wakizisoma pamoja wanakisia mgonjwa ataishi muda gani.

Nikauliza, "Na mimi je?"

Akamtazama Yusuf. Yusuf akatazama viatu vyake. "Abti, mama alikataa tukwambie."

Mama ndiye wewe, Halima.

Nilikasirika, sikufichi. Nikatoka kabla daktari hajajibu, maana niliogopa jibu. Nikiwa kwenye foleni ya dawa ndipo nikakumbuka harusi ya binti yangu Hodan. Tulipanga baada ya Idd, wewe ukaisogeza karibu, mwezi ujao, eti wakwe wana haraka. Nimempigia baba mkwe wa Hodan kwa simu ya jirani. Hana haraka yoyote.

Sitaki unitajie miezi. Nataka usinidanganye tena, basi. Harusi iache hapohapo ulipoiweka, nitakuja. Na maziwa endelea kutuma, jirani hapati tena hata tone.

Nisalimie mke wangu, umwambie dawa nakunywa. Nisalimie shemeji, mume wako, na mzee wa msikiti anayeniombea dua. Hodan msalimie sana kuliko wote. Akiuliza kwa nini siku imesogezwa, mwambie wakwe wana haraka.

Ni mimi mdogo wako,
Abdullahi