Pipa la Shambani kwa Mama

Msamvu, 2 Februari 1994

Mjomba Laurenti,

Shikamoo. Mimi mzima, ila roho haitulii. Tangu kiwanda kifungwe tukarudishwa majumbani, nimekuwa muuza maua: mawaridi na asumini kwenye makopo. Sasa majani yanageuka manjano, na mbolea ya dukani haishikiki tangu ruzuku iondolewe. Yale maji ya samadi unayomwagilia kabichi, unayatengenezaje? Nijibu upesi. Maua yakifa, sina kingine mjini.

Mpwa wako,
Jesca

Mlali, 11 Februari 1994

Mpwa wangu Jesca,

Marahaba. Tu wazima, mgongo tu ndio unanisumbua. Sikiliza vizuri, maana wewe haraka umezaliwa nayo. Jaza kiroba samadi ya mbuzi na majani ya alizeti pori, kifunge, kitumbukize kwenye pipa la maji. Koroga kila asubuhi. Povu likiisha, imeiva. Izimue kwa maji mpaka ifanane na chai ya rangi, ndipo umwagilie shinani.

Na jingine. Shamba la marehemu mama yako limelala. Kwetu ardhi hufuata tumbo la mama, na tumbo hilo limebaki na wewe tu. Wazee wa ukoo wanasema masika ikianza bila jembe kugusa pale, atapewa mwingine. Njoo, mwanangu.

Mjomba wako,
Laurenti

Msamvu, 7 Machi 1994

Mjomba,

Shikamoo. Hali yangu usiulize. Harufu, jamani! Wapangaji wenzangu walininunia, nikaona aibu, nikalifunika pipa na kuukaza mfuniko. Ijumaa, jua kali, mwenye nyumba Mzee Stambuli anapita na kanzu nyeupe kwenda msikitini: paa! Mfuniko ukaruka. Samadi kuanzia kofia mpaka viatu. Nilicheka, Mungu anisamehe. Jioni makopo yangu yote yalikuwa barabarani, maua mbuzi wameyamaliza. Limebaki waridi moja, kisiki kitupu.

Usiniambie nirudi. Nirudi na nini? Watasema mji umemshinda, ndipo kakumbuka kwao.

Mpwa wako,
Jesca

Mlali, 15 Machi 1994

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole. Mzee Stambuli naye mpe pole yangu. Sikukwambia usikaze mfuniko kwa sababu huku hakuna anayeionea aibu samadi. Lifunikwe gunia tu, lipumue.

Mvua imeanza. Wazee wamekaa, nikawaambia mwenye shamba yuko njiani. Wakaniuliza, njia gani hiyo isiyofika? Nimepeleka pipa pale kwa mama yako, nalikoroga kila asubuhi huku natazama barabara. Lakini mkono wanaouona ni wangu, na wanangu mimi ni wa ukoo wa mama yao. Jumapili wanagawa. Wanaosema, waache waseme. Midomo yao haitalima.

Mjomba wako,
Laurenti

Msamvu, 18 Machi 1994

Mjomba,

Barua hii nampa utingo wa gari la Mlali la leo. Kile kisiki cha waridi kimechipua, nimekifunga kwenye khanga. Chumba nimekabidhi. Mzee Stambuli kacheka, kasema nenda salama mama, ila pipa lako nalo uondoke nalo.

Bado naogopa, sikufichi. Shikamoo siiandiki, naja nayo mwenyewe kwa gari la alfajiri.

Kesho usikoroge, Mjomba. Niachie.

Mpwa wako,
Jesca