Chuma cha Nyota na Kiti cha Mjomba Mkubwa

Jumatatu, 5 Januari

Nimeamka kabla ya jogoo. Jogoo wa Kwedizinga hunisubiri mimi. Kutoka hapa mpaka Korogwe hakuna jambo zito linaloamuliwa bila jina langu kutajwa. Hata mvua za vuli zilipochelewa waliniuliza, na zikanyesha.

Nimeziba pancha tatu. Muhogo, chai ya rangi.

Zubeda, binti wa dada yangu, amerudi kutoka chuo, Dar. Jumapili wanaleta posa yake. Kwetu Wazigua posa hujibiwa na mjomba mkubwa. Mjomba mkubwa ni mimi. Yupo pia Mhina wa Kwashemshi, mama zetu mtu na dada yake. Tulizaliwa masika moja, nyumbani, hakuna kadi ya kliniki. Bibi aliyetupokea alishazikwa. Mimi husema nilitangulia. Nimesema miaka mingi mpaka imekuwa kweli.

Jumanne, 6 Januari

Zubeda kashinda barazani na kompyuta. Nukta tupu, kama mtama uliomwagika. Nikamsikia akiongea na mwalimu wake kwenye simu: "Hivi viwili vinafanana mno. Lazima nijue kipi kilizaliwa kwanza."

Nikaacha tairi nililokuwa naliziba. Viwili gani?

Kasema ni nyota. Vikundi vya nyota kwenye galaksi ndogo, jirani ya hii yetu. Anatafuta umri wa kila kimoja.

Nani anauliza umri wa nyota wiki ya posa? Hapa pana mkono wa Mhina. Juzi tu kamletea Zubeda tangawizi debe zima. Tangawizi ya nini yote ile?

Jumatano, 7 Januari

Nimemhoji kwa ujanja. Mimi niliyemfukuza chui kwa pampu ya baiskeli siwezi kushindwa na mtoto.

Anasema kundi moja la nyota huzaliwa pamoja, wingu moja, kama rika la Wamasai. Zile za mwanzo kabisa hazikuwa na chuma, au kilikuwa kidogo sana. Chuma hupikwa tumboni mwa nyota. Zile kubwa zikifa hupasuka, chuma kinatawanyika, wanaozaliwa baadaye wanazaliwa nacho. Nikamwambia nimeelewa: ni sufuria la supu pale Mombo, halioshwi, ya leo inapikwa juu ya mabaki ya jana. Akapiga makofi. Kasema ataliandika hilo. Bila shaka.

Kwa hiyo mwenye chuma kidogo ndiye mkongwe. Wanapima kwa mwanga tu, kwa mbali. Hawahitaji hata kukugusa.

Jioni kanipiga picha na simu. "Ukumbusho, mjomba." Ukumbusho gani?

Alhamisi, 8 Januari

Dada kapika maini. Nimekataa. Na matembele nimekataa. Kliniki kila siku wanawaambia wajawazito vitu hivyo vinaongeza chuma mwilini. Mimi si mjinga.

"Kibwana, unaumwa? Wewe ukatae maini?"

Nikasema daktari kanikataza.

"Daktari yupi? Si ulisema wewe ndiye uliyemfundisha?"

Ugali na chumvi. Nina hasira na watu wote.

Ijumaa, 9 Januari

Ugali na chumvi. Kichwa kinazunguka.

Baada ya magharibi Zubeda kanitoa uani. Kanionyesha kusini, chini, juu kidogo ya miti: kiwingu kama moshi wa jiko la mtu wa mbali. Kumbe ndiyo galaksi yenyewe. Nyota zisizohesabika, kutoka hapa kiganja kinaifunika. Nikaweka kiganja, nikakiondoa. Nikakiweka tena.

Nikauliza kwa mzunguko: je, mtu, yaani nyota, inaweza kupunguza chuma chake ukubwani?

"Hapana, mjomba. Hicho tunachopima ni cha kuzaliwa nacho."

Siku mbili za chumvi. Bure.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza usoni: Mhina ndiye kakutuma?

"Kunituma nini?"

Kutafuta nani alitangulia.

Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Akaniangalia. "Lakini mjomba, si wewe ndiye mkubwa?"

Sijawahi kuuchukia mdomo wangu kama leo.

Jumamosi, 10 Januari

Zubeda na mama yake wananong'ona jikoni. Nikiingia wanazungumzia mchele. Asubuhi Zubeda kaongea na Mhina kwenye simu, nyuma ya nyumba. Nimemwona.

Kesho watanivua kiti mbele ya wageni. Nitaonekana mtu wa pancha tu.

Nimepiga pasi kanzu mara mbili. Sijala.

Jumapili, 11 Januari

Wageni waliwahi. Viti viwili mbele, kimoja kina mto. Sikukaa. Nilijifanya napanga viatu mlangoni.

Mhina akaingia na kofia yake ya siku zote. Watu wakageuka. Zubeda anachungulia nyuma ya pazia. Mhina akaja moja kwa moja, akanishika mkono.

"Shikamoo, kaka."

Mbele ya wote. Nikaitikia kwa sauti nzito. Akawageukia wageni: "Mkubwa wetu ni huyu, mwulizeni yeye. Mimi najua tangawizi tu."

Nikaukalia mto. Nilisema vizuri, hakuna aliyekohoa. Posa imepokelewa kwa sharti langu: harusi baada ya Zubeda kumaliza nyota zake. Wakakubali. Maini ya mbuzi nikaletewa mimi. Nikayala yote.

Jumatatu, 12 Januari

Pancha mbili. Joto.

Nimemsindikiza Mhina barabarani. Nikamuuliza alimwambia nini Zubeda. Kasema mtoto aliuliza nani mkubwa, akamjibu tulizaliwa masika moja. Zubeda akasema hata kwenye nyota, wakongwe waliokaribiana umri hivyo ndio wagumu kupimwa kuliko wote. Mara nyingine wanaandika tu: umri mmoja.

Gari likaja. Kapanda.

Jambo moja. Jana pale mlangoni sikusema marahaba. Aliponiambia shikamoo, mdomo wangu ulitoa "shikamoo", kama nilipokuwa mtoto. Chini chini. Mhina peke yake ndiye aliyesikia. Akanong'ona, "Marahaba."