Shangazi, Tumekata Miti Yako

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hakuna marahaba itakayorudi, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Ungeniuliza kama shuleni nilikwenda kusomea utovu wa adabu. Ni mimi Editha, binti wa kaka yako, uliyenifundisha kubeba dumu kichwani bila kulishika. Huu ni mwaka wa nne tangu tukuzike hapa Kanazi, na nina habari ambayo nimeizungusha mdomoni wiki nzima. Bora niitoe mara moja. Tumekata mikaratusi yako ya kisimani, yote.

Usinune kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, maana nina maswali mengi kuliko habari, na mwenye majibu ni wewe peke yako.

Uliporudi kutoka Nyamahanga, kule Biharamulo ulikoolewa, mumeo alikuwa ameshafariki na mimi nilikuwa darasa la tatu. Ulikuja na begi moja, redio, na mdomo usiopumzika. Mgeni yeyote aliyekanyaga uani kwetu, awe katekista, awe dereva wa lori aliyepotea njia ya Rusumo, ulimpa kiti kisha ukamuuliza, "Kwenu mnachota wapi maji?" Wengine walidhani unawatania. Kumbe ulitaka kujua kweli kweli: ni mto au kisima, ng'ombe wanakunywa hapohapo, anayesafisha ni nani. Hata redio uliihoji. Siku moja ilitangaza habari za wanawake wa nchi ya mbali waliokaa chini barabarani kuzuia malori yasimwage taka mtoni kwao. Uliacha kumenya ndizi, ukaisogelea kama vile mtangazaji angekusikia.

"Wamefanya vizuri," ulisema. "Ila hawajatuambia, muhogo wao wanauloweka wapi?"

Muhogo ndio uliokugombanisha na watu. Kwetu ule mchungu hauliwi mpaka ulowekwe siku tatu, nne, ulainike, na mahali rahisi palikuwa vidimbwi vya bondeni, juu kidogo ya kisima. Maji yale yenye harufu yalichuruzika taratibu hadi tunapochota. Tuliyanywa, tukaumwa matumbo, tukasingizia maharage. Wewe ulizunguka nyumba kwa nyumba ukiwaomba watu walowekee nyumbani kwenye mapipa, au washuke chini ya kisima. Wengi walikuitikia, na wachache wakajifanya viziwi. Mmoja wa viziwi hao alikuwa mama yangu.

Ile asubuhi sitaisahau. Uliukuta muhogo wake kwenye kidimbwi, ukauopoa wote, ukautandaza kwenye nyasi mbele ya foleni nzima ya wanawake.

"Wifi, hata wewe?"

Mama aliuokota kipande kwa kipande, na hakusema nawe tangu mavuno ya maharage mpaka mavuno ya mahindi. Mmekaa jiko moja, hatua tatu kati yenu, ananituma mimi: "Mwambie shangazi yako anipitishie chumvi." Nawe unajibu: "Mwambie mama yako ipo mbele yake." Nilichoka kuwa posta, Shangazi, lakini leo nikikumbuka nacheka peke yangu shambani hadi watu wananitazama. Na maji yalisafika, hilo hata mama hakulikana.

Hukuwa na saa, ukabuni kipimo chako. Kila Jumapili baada ya misa uliweka dumu tupu la lita ishirini chini ya bomba la kisima linalotoa maji ya chemchemi na kuanza kusali Baba Yetu, kwa mwendo uleule, huharakishi wala huvuti. Likijaa ulitangaza kwa sauti: "Tatu!" Baba Yetu tatu kwa dumu moja, kiangazi na masika. Mimi nilidhani dunia nzima inapima maji hivyo.

Kisha ikaja miche. Watu wa misitu waliotuletea walisema miti hulinda maji, na wewe hukuhitaji kuambiwa mara mbili. Ulituita watoto wa shule, ukatupanga duara kukizunguka kisima, kila mmoja na mche wake. Wangu ulikuwa wa pili kutoka kwenye bomba. Ulipita nyuma yetu ukishindilia udongo kwa kisigino na kutuimbisha. Mikaratusi ile ilikua kwa haraka ya ajabu. Wanawake wa Nyabusozi walipokuja na safari ya parokia walikizunguka kisima wakigusa magome, wakakuuliza miche inapatikana wapi, wakaenda kupanda kwenye kisima chao. Nilijivuna siku hiyo kana kwamba miti ile niliizaa mimi.

Sasa nifike kwenye maswali.

Dumu lilianza kuchelewa kujaa. Baba Yetu nne, halafu sita. Ukasema ni mvua za mwaka huo. Zikafika nane, na kuanzia hapo hukutangaza tena. Jumapili ulipita kisimani, ukachota, ukaondoka. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, nina mtoto mgongoni, na sikukuuliza. Nilidhani umezeeka, umechoka na mambo ya maji. Ulikuwa umechoka, au ulikuwa hutaki tuisikie hesabu?

Ulipotutoka walinichagua katibu wa kamati ya maji, kwa sababu tu nilikuwa wa kwako. Kiangazi kilichopita ungeweza kusali rozari nzima na dumu halijafika shingoni. Foleni ilianza alfajiri ikaisha jua la utosini, na waliochoka kusubiri wakarudi mtoni, kwenye yale maji mekundu wanayokunywa ng'ombe. Watoto wawili wa jirani wakalazwa kwa kuharisha. Tukaomba mtaalamu wa maji aje. Alikuja, na badala ya kuangalia chini kwenye bomba, alisimama akaangalia juu.

"Hii miti alipanda nani?"

Watu wazima ishirini tulitazama viatu vyetu. Akatueleza kwamba mkaratusi unakunywa sana, unafaa kwa nguzo na kuni huko mlimani, ila ukiupanda kisimani unakuwa wa kwanza kwenye foleni kila siku. Hapo pangefaa mikuyu, na matete yaachwe yaote.

Tukaitisha mkutano wa kitongoji. Nilijua kutakuwa na ubishi, lakini sikujua utatoka wapi. Mama yangu ndiye aliyesimama, yule yule aliyekuwa akinituma chumvi.

"Miti ya wifi yangu haikatwi nikiwa hai," alisema. "Muhogo wangu aliumwaga, ndiyo, na alikuwa na haki. Nyie wote mnakunywa maji kwa sababu yake. Leo mnataka aonekane mjinga akiwa kaburini?"

Nami nikajikuta sijui niko upande gani, maana aliyoyasema ndiyo niliyokuwa nayaogopa. Jina lako ndilo pekee ulilotuachia. Tulifikia mwafaka wa nusu nusu: ikatwe mitatu ya karibu na bomba, tuone.

Mzee Bukuru, jirani yako, akaja na msumeno wake na panga. Aliinama kufyeka nyasi shinani kwa mti wa kwanza, akasita. Akaenda kwa wa pili, ule wangu, akafyeka. Akaenda kwa wa tatu. Kisha akatuita mimi na mama. Magome yalikuwa na makovu ya zamani, usawa wa kifundo cha mguu, yamezunguka shina karibu lote lakini hayakukutana.

"Hii ni kazi ya mtu aliyetaka mti ukauke," alisema. "Ila hakumaliza."

Mama alipiga magoti akapitisha vidole kwenye kovu. Mikato yote ilikuwa imelalia upande mmoja.

"Mawe we!" alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwetu. "Ni wifi. Nani mwingine hapa anakata kwa mkono wa kushoto?"

Mzee Bukuru akakaa kwenye nyasi. Ndipo akatuambia kwamba mwaka ule ulipoanza kuugua ulimpitia shambani, ukamuuliza kama mkaratusi ukibanduliwa gome unakufa. Alikujibu kwamba unakufa, bora uzungushe shina lote. "Nilidhani anauliza tu," alisema. "Si mnajua alivyopenda kuuliza?"

Mama alinyanyuka, akajifuta magoti. "Kateni yote," alisema.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua lini? Ulijua mwenyewe, kwa zile Baba Yetu, au kuna mgeni aliyeketi kwenye kile kiti akakuambia kwao ilivyokuwa? Ulikwenda saa ngapi, mchana ule watu wakiwa mashambani? Mkono wako wakati ule ulikuwa umeshaanza kufa ganzi, hata kikombe ulikishika kwa miwili. Ulishindwa kukutanisha duara kwa sababu ya mkono, au ulisikia mtu anakuja ukaficha panga kwenye kanga?

Swali kubwa ni moja: kwa nini hukutuambia? Nadhani najua. Uliwahi kumwaga muhogo wa watu hadharani, na sasa kosa lilikuwa lako, limesimama kisimani refu kuliko nyumba zetu. Nilikukasirikia, Shangazi. Nililia pia, lakini hasira ilitangulia. Ulikuwa na sisi wote, wenye mapanga na mikono mizima, ukaamua kwenda peke yako na mkono unaokufa.

Siku hizi nina simu, na mwanangu amenionyesha namna ya kutafuta habari za watu wanaolinda mito yao. Wako wengi kuliko tulivyodhani jikoni kwetu. Wako wanaookota plastiki kwa mitumbwi, wako wazee wanaosimama mahakamani na vichupa vya maji machafu mkononi. Nawatazama wanavyotabasamu kwenye picha, nami nataka kujua jambo moja ambalo hakuna anayewauliza: nani kati yenu amewahi kuuharibu mto huohuo anaoupenda, na siku alipogundua alimwambia nani?

Maji bado hayajarudi. Mvua zimeanza juzi, kwa hiyo nikikuambia yameongezeka nitakuwa nakudanganya. Visiki vinachipua kwa ukaidi, tumeweka sheria: huweki dumu bomboni kabla hujavunja chipukizi moja. Mama ndiye msimamizi, na hana huruma. Juzi alimrudisha mwenyekiti wa kitongoji mwisho wa foleni. Mikuyu tumepanda sita, mifupi bado, na matete yameanza kujitokeza yenyewe.

Lakini Nyabusozi kisima chao kinakufa. Wameambiwa wakate mikaratusi, wamekataa. Wanasema waliipanda kwa mfano wa yule mama wa Kanazi, na yeye hakuwahi kukata. Nilipoletewa maneno hayo sikula siku nzima. Nilikuwa nimepanga kuyaficha yale makovu, yabaki kati yangu, mama na Mzee Bukuru, jina lako libaki safi.

Ndiyo maana nakuandikia wazi hivi. Jumapili baada ya misa nitasimama kisimani kwao, niisome barua hii kwa sauti, kila neno. Nilimuuliza mama, akaniambia, "Soma. Na ile ya muhogo usiiruke." Nisamehe kwa kuianika aibu uliyoizuia kwa mkono mmoja. Watasikia kwamba ulikosea, ukajua, ukaona haya, ukabeba panga ukiwa mgonjwa. Wakicheka, nitawasubiri wamalize.

Walikuiga ulipopanda, Shangazi. Nataka wakuige na ulipokata.

Akupendaye,
Binti wa kaka yako,
Editha